Somo: Kuongeza kasi ya mrushaji kijana wa besiboli bila kumharibia kiwiko

Habari za jioni ndugu zangu. Somo hili niliahidi tangu mwezi uliopita, mitihani ya kusahihisha ikanikalia shingoni. Leo nimepata nafasi.

Nafundisha sekondari hapa Dodoma, na jioni nasimamia vijana wa besiboli. Kwa wasiouona mchezo huu: mrushaji anasimama juu ya tuta, mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji, anarusha mpira mgumu wa gramu 142 hadi 149. Rekodi ya ligi kuu ya Marekani inashikiliwa na Aroldis Chapman, Mcuba, aliyerusha kilomita 170 kwa saa mwaka 2010. Kijana akishaisikia hiyo namba, jioni ile ile anataka kuufyatua mkono wake wote. Na mkono ndio sehemu ya mwisho kabisa ya kushughulikia.

Nikiri kosa langu kwanza. Miaka michache nyuma nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mrefu, mkono mwepesi. Tulikuwa na mashindano ya Jumamosi na Jumapili. Jumamosi akatupa ushindi, Jumapili nikampanga tena, maana nani anaacha bunduki yake nyumbani? Sikuhesabu hata mrusho mmoja. Jumatatu nikamkuta bombani ameshika ndoo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameukunja tumboni kama amebeba kifaranga. Alikaa nje muhula mzima. Hakuna wa kulaumiwa hapo ila mimi.

Hatua ya 1: Pima kasi aliyonayo sasa

Bastola ya rada, kile kifaa cha kupima kasi ya mpira, hatuna, na bei yake siitaji hapa. Simu inatosha, mradi ina video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Iweke pembeni, mbali kiasi cha kuwaona kwa pamoja mrushaji na mdakaji, yule anayeupokea mpira. Chora mstari pale mguu wa mbele wa mrushaji unapotua, kisha pima kwa futi ya fundi hadi kwenye glovu ya mdakaji. Kwetu huwa mita 17 hivi.

Sasa fungua video, sogeza picha moja moja. Anza kuhesabu pale mpira unapoachana na vidole, ishia pale unapogusa glovu. Hesabu yake: mita mara 240, gawanya kwa idadi ya picha, zidisha kwa 3.6. Kijana wangu wa sasa, miaka 16, alipata picha 136. Kwa hiyo 17 × 240 ÷ 136 ni mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa.

Msitumie video ya kawaida ya picha 30. Nilifanya hivyo mwanzoni nikawa nashangilia bure. Kwa picha 30, ukikosea picha moja tu kasi inaruka kilomita 6. Kwa picha 240, kosa hilo halifiki hata kilomita 1. Jueni pia kwamba rada husoma mpira ukiwa unatoka mkononi, na hesabu yetu ni wastani wa njia nzima huku hewa ikiupunguza mwendo. Rada ingesoma juu zaidi kwa asilimia 4 au 5. Sisi tunajilinganisha wenyewe kwa wenyewe, inatosha.

Pima mara moja kwa mwezi. Ukipima kila siku, kila siku atakurushia kwa nguvu zote.

Hatua ya 2: Mwonyeshe kasi inatoka wapi

Maneno hayamwingii kijana wa miaka 16, kwa hiyo fanya hivi. Akishapasha misuli vizuri, mkalishe juu ya ndoo iliyopinduliwa arushe mara mbili, bila kujikamua. Kisha asimame, arushe bila kupiga hatua. Mwisho arushe kwa hatua yake kamili. Kijana wangu alitoka 70 na kitu kwenye ndoo mpaka zaidi ya 100. Akaniangalia tu. Mkono ni ule ule.

Watoto waliokua wakichunga mbuzi huko Chamwino na Bahi wanalijua hili bila kufundishwa. Mbuzi akiingia shamba la mtu, huwezi kumfikishia jiwe ukiwa umesimama wima kama mlingoti. Unapiga hatua, kiuno kinatangulia, jiwe linafuata. Kwenye tuta ni hivyo hivyo: mguu wa nyuma unasukuma, mguu wa mbele unatua na kukaza, nyonga inageuka, kifua kinafuata, mkono unakuja wa mwisho. Hatua yenyewe iwe ndefu, karibu na urefu wa mwili wake. Chini ya asilimia 80 anajibania. Goti la mbele likilegea baada ya kutua, kasi yote inamwagikia hapo.

Hatua ya 3: Jenga miguu, makalio na kiuno

Mara mbili kwa wiki, si zaidi kama ana mechi. Kuchuchumaa na kuinuka akiwa amekumbatia kiroba cha mchanga. Hatua ndefu za mbele na za pembeni. Kulala chali na kunyanyua kiuno kwa mguu mmoja. Kuvuta tairi la gari kwa kamba, mita 20, kupumzika, kurudia. Mbio za kasi za mita 20 hadi 30, mara sita au nane. Habari ya kumkimbiza mrushaji kilomita nane tuachane nayo: kurusha ni tendo la chini ya sekunde mbili, na mbio ndefu zinaufundisha mwili wake kuwa mvumilivu, siyo mlipukaji.

Kifaa ninachokipenda ni mpira wa kikapu uliochakaa. Tuliutoboa, tukatia mchanga wa mtoni kiasi, tukaziba kwa kiraka cha baiskeli, halafu tukaomba mizani dukani: kilo 2 na ushee. Anasimama ubavu, anauvuta hadi kwenye nyonga ya nyuma, anaurusha kwa mikono miwili kwa kuzungusha kiuno. Mara nane kila upande, seti tatu. Upande wa pili usiachwe, la sivyo mgongo utakuja kudai.

Hatua ya 4: Bega kwa tyubu ya baiskeli

Bega la mrushaji linazunguka kwa kasi kuliko karibu kiungo chochote katika michezo. Kazi ngumu si kuuzungusha mkono, ni kuusimamisha baada ya mpira kutoka, na breki hizo ziko nyuma ya bega. Kata tyubu kuukuu, funga kwenye mti kwa urefu wa kiwiko. Kiwiko kibane ubavuni, avute kwenda nje polepole, arudishe polepole zaidi. Kisha avute kama anayepiga makasia, mabega yakikutana nyuma. Mara 15, seti mbili, siku nyingi za wiki. Tyubu ikikaza sana, kata nyembamba. Hapa hatutafuti misuli ya kuonyesha watu.

Hatua ya 5: Tuta

Ardhi yetu ya kiangazi ni ngumu kama sakafu juu, vumbi chini. Tuta halali lina kimo cha sentimita 25 juu ya kituo cha mpigaji, na mteremko wake unashuka sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30. Tumieni udongo wa kichuguu, ule wa mchwa, uloweshwe na kushindiliwa. Unashika kuliko udongo wowote nilioujaribu. Shimo linalochimbika pale mguu unapotua lizibwe kila jioni, kwa sababu mguu ukitua shimoni mwili unachelewa na kiwiko ndicho kinacholipa.

Hatua ya 6: Hesabu mirusho

Hapa sina utani. Ligi kuu ya Marekani ina mwongozo wa vijana unaoitwa Pitch Smart. Miaka 11 na 12, mwisho mirusho 85 kwa siku. 13 hadi 16, 95. 17 na 18, 105. Halafu kuna mapumziko. Wa miaka 15 na 16 akirusha 31 hadi 45, anapumzika siku 1. 46 hadi 60, siku 2. 61 hadi 75, siku 3. 76 na kuendelea, siku 4. Na kila mwaka apate angalau miezi minne bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikiwa mfululizo.

Mimi natumia punje za mahindi. Mwanafunzi mmoja anakaa kwenye benchi na punje 60 kwenye mfuko wa kulia. Kila mrusho, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukiisha, mrushaji anatoka, hata kama tunaongoza, hata kama mkuu wa shule amekuja kutazama.

Dalili za kuchoka huja kabla ya namba: mipira inaanza kupaa juu, kiwiko kinashuka chini ya bega, anachelewa kujiandaa. Mtoe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wale wasioumia: waliokuwa wakirusha mara kwa mara huku wamechoka walikuwa na hatari mara 36 zaidi.

Kuhusu chakula sina siri. Ugali wa uwele, maharage, dagaa, mayai yakipatikana, karanga mfukoni. Maji aanze kunywa kabla ya kiu, hasa Oktoba na Novemba jua linapotuchoma kabla ya mvua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Kongwa: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 13, analalamika kiwiko upande wa ndani akirusha. Bibi yake anamchua kwa mafuta ya moto, maumivu yanapungua, kesho yanarudi. Aendelee taratibu?

Marahaba mama. Asiendelee hata taratibu. Umri huo mfupa wa kiwiko bado una sehemu laini inayokua, na kano ya ndani inaivuta kila anaporusha. Bibi asimchue, na msimpe dawa ya maumivu ili acheze. Mpelekeni kwa daktari wa mifupa apigwe picha. Ikigundulika mapema, mara nyingi dawa ni kupumzika tu.

Kocha wa Singida: Mwalimu, nimeona mtandaoni vijana wanarusha mipira mizito kuongeza kasi. Vipi, nasi tuijaze mchanga ya kwetu?

Kaka, mpira wa mchanga wa mikono miwili ni kitu kingine kabisa. Hiyo ya kurusha mpira mzito kwa mkono mmoja ilijaribiwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 kwa wiki sita, matokeo yakachapishwa 2018. Kasi iliongezeka kwa asilimia 3.3. Takriban mmoja kati ya wanne akaumia kiwiko. Kwa kijana wa 108, hiyo ni kama kilomita 3 na nusu. Mimi kwa bei hiyo sinunui.

Mchezaji, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Msimu wa mvua nalima na wazazi. Kulima ni mazoezi?

Marahaba. Jembe linajenga mgongo na kushika, na miezi hiyo ndiyo mizuri ya kuupumzisha mkono usirushe kabisa. Ila ukishinda shambani asubuhi, jioni usije kuniambia mkono hauna kazi tangu jana.

Dada wa softiboli, Dodoma Mjini: Sisi tunarusha kwa chini. Tunaambiwa hakuumizi, tunaweza kurusha kila siku. Ni kweli?

Si kweli, dada. Umbali wenu ni mfupi, mita 13.11, lakini ule mzunguko mzima wa mkono unalibebesha bega na misuli ya mbele ya mkono mzigo mkubwa. Hatua ya 2 hadi ya 4 zinawahusu moja kwa moja. Nanyi hesabuni.

Kocha, Manyoni: Mipira inayokunja kona nianze kuifundisha lini? Na kwa nini hapa kwetu inakunja kidogo kuliko tulivyoona tulipoenda kucheza Dar?

Kwanza awe na mpira wa kasi unaofika anapotaka, kisha ule wa polepole unaorushwa kwa mkono ule ule wa kasi. Kona zisubiri mpaka mwili ukomae. Kuhusu Dar, macho yako hayakudanganyi: sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mishono haina cha kushika sana. Denver kule Marekani, mita 1,600, warushaji wanalia kilio hicho hicho kila msimu.

Mwanachama, Mpwapwa: Mipira yetu imefumuka yote. Mpya tunapata wapi?

Kabla ya mpya, nendeni kwa fundi viatu sokoni. Ngozi ikiwa nzima, anaishona upya kwa uzi uliotiwa nta, matundu ya zamani yapo, anafuata tu. Yangu ilirudi uwanjani ikiwa migumu kuliko mwanzo. Ushauri mmoja: mpira mmoja una mishono 108. Msimwambie kabla hamjakubaliana bei.