Somo: Kunywa maji bila kuogopa choo, kwa wenye tumbo la IBS

Nina duka la khanga Kariakoo, ghorofa ya pili. Choo kiko chini, cha kulipia, shilingi 300, na ikifika saa sita mchana foleni yake inakaribia meza ya muuza maji. Kwa miaka mitatu nilikuwa na dawa moja tu ya hali hiyo: sinywi. Chai kikombe kimoja alfajiri, halafu midomo mikavu mpaka nirudi Mbagala saa mbili usiku. Kichwa kinagonga, mkojo mwekundu kama chai ya rangi, na hilo tumbo nililokuwa nalibembeleza linakata vilevile.

Najua humu kundini kwetu, wenye IBS, siko peke yangu. Kwa hiyo zamu yangu ya somo naitumia kwa jambo hili. Mimi si daktari. Haya nimefundishwa na mtaalamu wa lishe, mengine tumbo lenyewe limenifundisha kwa bakora.

Waliojiunga juzi: IBS ni utumbo ambao ukipimwa kwa kamera unaonekana mzima, ila unafanya kazi kwa fujo. Mishipa yake ya fahamu inashtuka upesi, misuli yake inakaza ovyo. Kipimo wanachotumia madaktari ni maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi mitatu, yanayoendana na kwenda choo au na kubadilika kwa choo. Kuna wa kuharisha, kuna wa kufunga choo, na kuna sisi wa vyote viwili. Kabla ya kuambiwa hivyo nilitibiwa taifodi mara tatu na amiba sikumbuki mara ngapi.

HATUA YA 1: Jua maji unayokunywa yanakwenda wapi

Hapa ndipo hofu yangu ilipovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa siku moja utumbo wa mtu mzima unapokea kama lita 9 za majimaji. Ulichokula na kunywa ni kama lita 2 tu. Lita 7 zilizobaki unazitengeneza mwenyewe: mate, asidi ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo. Utumbo mdogo unanyonya sehemu kubwa, utumbo mpana unapokea kama lita 1 hadi moja na nusu na kuzikausha, na kinachotoka na choo cha kawaida ni mililita 100 hadi 200 hivi. Haijazi hata kikombe kimoja!

Maana yake, ile glasi uliyokunywa saa nne siyo inayokukimbiza chooni saa nne na dakika kumi. Kinachokukimbiza ni ishara. Tumbo likipokea kitu, linauambia utumbo mpana usogeze vilivyotangulia ili kupisha. Kila binadamu anayo hiyo, ndiyo maana wengi huenda choo baada ya chai ya asubuhi. Kwetu ishara hiyo inapigwa kwa tarumbeta. Na hupigwa kwa nguvu zaidi ukishindilia vingi kwa mkupuo, ukila mafuta mengi, au ukinywa kahawa.

Ukikaa bila kunywa, mwenye kuharisha anaendelea kupoteza maji ambayo hayarudishi. Mwenye kufunga choo naye, kinyesi kinakaa muda mrefu kwenye utumbo mpana, kinanyonywa hadi kinakuwa vigololi kama vya mbuzi. Kiu haijamsaidia yeyote.

HATUA YA 2: Weka kiasi chako

Mwongozo wa Uingereza kwa wagonjwa wa IBS unasema angalau vikombe 8 vya kinywaji kwa siku, hasa maji au vinywaji visivyo na kafeini. Hiyo ni kama lita moja na nusu hadi mbili. Kwa jua la Dar mwezi wa pili, na kama kazi yako ni ya kubeba au kutembea, ongeza. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo asifuate namba yangu, amuulize daktari wake.

Mizani yako ni mkojo: ukiwa wa njano iliyofifia, uko sawa, ukiwa wa kahawia, umechelewa. Kama unameza vidonge vya vitamini B usishtuke ukiwa njano kali, hizo ni dawa.

Mimi nina chupa ya lita moja na nusu. Nimeichora kwa kalamu ya wino mistari minne, na pembeni nimeandika saa 4, saa 6, saa 8, saa 10. Inakaa kaunta, juu ya kitambaa cha khanga iliyotoboka. Wateja wananiuliza kama ni dawa ya mganga.

HATUA YA 3: Funda, si mkupuo

Mafunda mawili matatu kila baada ya robo saa hivi. Ukisubiri kiu ikuwashe kisha ukabugia nusu lita, umelipiga tarumbeta mwenyewe. Mrija unakufanya umeze hewa, na hewa ndiyo gesi, kwa hiyo acha. Maji ya barafu wengine yanawakata. Mimi natumia ya kawaida.

HATUA YA 4: Tazama kilichomo kikombeni

Wengi tunalaumu maji kwa makosa ya vilivyoongozana nayo.

Chai na kahawa: visizidi vikombe vitatu kwa siku. Chai inahesabika kama maji, usidanganywe kwamba inakukausha. Tatizo ni kafeini kuuchokoza utumbo. Mimi kahawa ya kijiweni niliiacha kwa machozi.

Maziwa: watu wazima wengi wa huku kwetu hatuna tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Inafika utumbo mpana mbichi, bakteria wanaichachua, unajaa gesi na maji. Jaribu wiki mbili chai ya rangi yenye tangawizi badala ya chai ya maziwa uone. Mtindi huwa na nafuu kwa wengi.

Juisi: embe na tikiti ni tamu kwa aina za sukari ambazo utumbo wetu unashindwa kuzinyonya vizuri, na glasi moja imebeba matunda mengi kuliko ambayo ungekula kwa kutafuna. Ukwaju wahenga waliutumia kulainisha choo; mwenye kuharisha aupishe, mwenye kufunga aujaribu kwa kiasi. Madafu hapa nitapata maadui: nusu glasi haina neno, lakini dafu zima kubwa lina sukari inayoweza kukusumbua. Mimi ni mtoto wa Tanga na ninasema hivyo.

Soda ni gesi juu ya gesi. Vile vya kuongeza nguvu ni kafeini na gesi kwa pamoja. Na ukiona pipi, bazoka au kinywaji kimeandikwa hakina sukari, soma kama kina sorbitoli. Hiyo inavuta maji kuingia utumboni, na mwenye kuharisha ataijua kabla jioni haijafika.

HATUA YA 5: Siku ya kuharisha

Maji matupu hayatoshi, kwa sababu chumvi nayo imetoka. Weka pakiti mbili tatu za ORS nyumbani, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita 1, usikadirie kwa macho. Ukikosa pakiti: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6 bapa, chumvi nusu kijiko kidogo. Bapa maana yake umepitisha kisu juu. Chumvi ikizidi ni hatari. Sukari haipo kwa ajili ya ladha. Kwenye ukuta wa utumbo sukari na chumvi huingia kwa mlango mmoja zikishikana mikono, na maji yanazifuata.

HATUA YA 6: Kwa wanaofunga choo

Maji peke yake yanasaidia hasa aliyekuwa na upungufu. Kama unakunywa vya kutosha na choo bado kigumu, kinachokosekana huenda ni nyuzinyuzi. Isabgol ya maduka ya Wahindi, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, inafaa, lakini kila dozi na glasi nzima ya maji, palepale. Inavimba kama sponji; ukiimeza na funda moja inaweza kukwama kooni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, hiyo isabgol mimi ilinijaza gesi mpaka nikaonekana mjamzito. Niache?

Jibu: Ulianza na ngapi? Nadhani vijiko viwili vya mezani kama wengi. Anza na nusu kijiko kidogo kwa siku, kaa hapo wiki, panda pole pole. Pumba za ngano ndizo za kuacha kabisa, zinatuchokoza.

Swali: Shikamoo dada. Nasafiri Dar hadi Mbeya na basi. Nikinywa nitaaibika, konda hasimami hovyo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Siku ya kabla kunywa vizuri mchana kutwa. Asubuhi amka mapema saa nzima, kunywa kitu cha moto na ule kidogo ili ile ishara ipigwe ukiwa bado nyumbani. Ndani ya basi funda moja moja, na basi likisimama watu wachimbe dawa, shuka hata kama husikii haja. Chapati za mafuta za stendi mwachie dereva.

Swali: Maji ya moto na limau asubuhi si yanasafisha utumbo?

Jibu: Utumbo si sufuria, hausuguliwi. Umoto unaweza kuamsha choo, hilo kweli. Limau ni hiari yako, na kama una kiungulia litakuunguza.

Swali: Ramadhani je? Mwaka jana daku nilikunywa lita nzima, saa tatu asubuhi tumbo likaniua.

Jibu: Lita ya mkupuo nyingi inaishia kwenye mkojo kabla jua halijakolea. Gawa kuanzia futari: glasi moja na tende chache, sio kumi, kisha glasi kila saa hadi kulala, na mbili za daku kwa mafunda. Punguza chumvi na bajia za usiku. Kama unaharisha siku hiyo, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Ongea na daktari na shekhe wako, usijitese kimya.

Swali: Mzee wangu ana miaka 61, ameanza kuharisha miezi miwili sasa, usiku anaamka, amepungua. Nimpe mpango huu?

Jibu: Hapana, kaka. Mpeleke hospitali wiki hii. Kuamshwa usingizini na choo, kupungua uzito, damu kwenye choo, homa, upungufu wa damu, au tatizo kuanza umri umekwenda, hizo si za kuziita IBS nyumbani. Na yeyote akiharisha choo cheupe kama maji ya mchele, hiyo ni ya kukimbia usiku uleule, ORS mkononi njiani.

Swali: Nimekunywa lita nne jana ili nipone haraka. Kichwa kinauma.

Jibu: Punguza. Maji mengi sana yanazimua chumvi ya damu. Ukianza kutapika au kuchanganyikiwa nenda hospitali usisubiri.

Swali: Shoga, choo cha jengo lenu si kimepanda mpaka 500?

Jibu: Kimepanda tangu Jumatatu. Nimeongea na mama wa mlangoni, namlipa elfu tano kila Jumamosi, napita bila foleni. Kaulize na ya jengo lako.