Kupima tanzanaiti kwa uzi, miwani ya jua na glasi ya maji

Rangi ya buluu peke yake haithibitishi kwamba jiwe ni tanzanaiti. Kioo, pamoja na spineli na forsteraiti za maabara (mawe yanayotengenezwa na binadamu), huikaribia sana. Tanzanaiti yenyewe ni madini yaitwayo zoisaiti, yaliyotiwa rangi na metali ya vanadiamu, na machimbo yake ya kibiashara yako Mirerani tu, wilayani Simanjiro. Zoisaiti imepewa jina la Sigmund Zois, mkabaila wa Slovenia aliyekusanya madini. Tanzanaiti ni jina la sokoni, lililotolewa na Tiffany & Co. ya New York mwaka 1968. Kwa hiyo cheti cha maabara kikitaja zoisaiti, usidhani umeibiwa.

Andaa mizani ya dijitali inayosoma 0.001 g, lenzi ya kukuza mara 10, tochi, miwani ya jua ya polaroidi, uzi mwembamba, glasi ndogo ya plastiki na sabuni ya maji. Jiwe lazima litolewe kwenye pete. Muuzaji akikataa kabisa kulitoa, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 1: lenzi. Futa jiwe, limulike kwa ubavuni. Viputo vya mviringo ni dalili ya kioo. Kisha angalia kupitia uso wa juu hadi kingo za nyuma: zikionekana mbilimbili waziwazi, shuku forsteraiti. Kagua pia kingo za mikato. Mawe hafifu hupakwa utando wa kobalti ili yakolee, na utando huo huchubuka kwanza kwenye kingo, zikabaki nyeupe.

Hatua ya 2: miwani. Weka jiwe mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga, litazame kupitia kioo kimoja cha miwani, na uzungushe miwani robo duara. Tanzanaiti huhama kutoka buluu kwenda zambarau. Kioo na spineli hazibadiliki. Rudia kwa pande tatu za jiwe, maana kuna pande ambazo hata tanzanaiti halisi haioneshi badiliko.

Hatua ya 3: maji. Hii ndiyo inayoamua mengi. Pima jiwe likiwa kavu, uandike. Weka glasi ya maji yenye tone moja la sabuni juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo: 1.340 g ikigawanywa kwa 0.400 g ni 3.35, na hapo ndipo tanzanaiti inapotakiwa kuwa. Iolaiti, jiwe jingine la buluu, huangukia karibu 2.6, spineli ya maabara 3.64, yakuti samawi 4.00. Kioo hakina namba moja, ndiyo maana hatua ya 2 hairukwi.

Kiputo kilichonata au jiwe kugusa chini hushusha jibu. Jiwe likichungulia juu ya maji, jibu hupanda. Usitumie mizani ya 0.01 g kwa mawe madogo. Karati 1 ni 0.2 g na husukuma maji 0.06 g hivi. Mizani ikisoma 0.07, jibu linatoka 3.33 hadi 2.86, na umelikataa jiwe zuri.

Usijaribu kulikwaruza. Ugumu wake ni 6 hadi 7 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, na lina upande mmoja linakopasuka kirahisi sana. Kwa sababu hiyo hiyo usilisafishe kwa mvuke wala mashine ya mitetemo. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha.

Vipimo hivi havitakuambia kwa uhakika kama jiwe limechomwa. Mengi ya buluu yamechomwa kwenye nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi kuondoa ukahawia, rangi hiyo hudumu, na soko linakubali. Ukiona rangi ya tatu ya kahawia au kijani-manjano katika hatua ya 2, huenda halijachomwa, lakini usiongeze bei kwa dalili hiyo bila cheti.