Mwenzako akirudi chuo, jaribuni mshahara mmoja mapema
Kama mume au mke anaacha kazi Oktoba kwenda kusoma, anzeni kuishi kwa mshahara mmoja tangu Julai. Wa pili uingie kwenye akaunti isiyo na kadi wala kuunganishwa na simu. Miezi hiyo mitatu itawaonyesha pengo lilipo, na mara nyingi si ada. Ada inajulikana. Kinachouma ni nauli, bando, kuprinti kazi, na zile wiki za fildi mkoani ambako atahitaji kupanga chumba kingine. Michango ya harusi nayo iwekewe kiwango (ndugu watanuna, watazoea). Ana mkopo wa SACCOS unaokatwa kwenye mshahara? Azungumze nao kuhusu marejesho angali kazini, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.