Namna ya kufuatilia msimu wa Junior Grand Prix kwa simu na kaunta buku

Nina duka la stesheneri Ngamiani, Tanga: fotokopi, kuprinti, kulaminisha, picha za pasipoti. Agosti ikianza kuisha, simu yangu huegemezwa kwenye mashine ya kulaminishia, na mtu aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa anajikuta anamwangalia mtoto wa Kijapani akizunguka hewani mara tatu na kutua kwa mguu mmoja. Wengi hufurahi, halafu huuliza: "Sasa hapo kashinda?" Swali hilo halina jibu la siku moja. Kuteleza kwenye barafu ukikuangalia vipande vipande ni maonyesho tu, lakini ukifuata msimu mzima na kalamu mkononi, ni ligi, na ligi watu wetu wanaijua vizuri.

Ligi yenyewe inaitwa Junior Grand Prix. Inasimamiwa na ISU, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na ilianza msimu wa 1997/98. Kwa kawaida kuna mashindano saba katika miji saba, kuanzia Agosti hadi Oktoba, kisha fainali Desemba. Msimu wa 2025/26 ulianzia Riga, ukapita Ankara, Varese, Bangkok, Baku na Gdańsk, ukafunga hatua ya miji huko Abu Dhabi. Fainali ikachezwa Nagoya. Fani ni nne: wavulana, wasichana, jozi, na densi ya barafuni. Jozi hawapo kila mji, kwa hiyo usidhani umekosa matangazo. Kama ndiyo unaanza, chagua fani moja. Anayetaka kufuata zote nne huwa amechoka kabla ya Septemba. Mimi nafuata wasichana kwa makini, wavulana kwa jicho moja, na densi naiangalia bila kalamu kabisa.

Upande wa saa umetukalia vizuri sisi wa Afrika Mashariki. Ratiba huandikwa kwa saa za mji wa mashindano. Riga wakati wa kiangazi na Ankara mwaka mzima wana saa sawasawa na zetu, hivyo ukiona 14:00 ni saa nane mchana, basi. Gdańsk na Varese wako nyuma yetu saa moja: 14:00 yao ni saa tisa alasiri kwetu. Baku na Abu Dhabi wametutangulia saa moja, Bangkok saa nne, kwa hiyo 14:00 ya Bangkok unaiangalia saa nne asubuhi. Nagoya ni saa sita mbele. Andika tafsiri ya saa kwenye daftari siku ratiba inapotoka. Usiiache kichwani, maana kichwa chenye wateja watatu mbele yake kitakuangusha.

Matangazo ya miji hii ISU huyaweka YouTube bila malipo, na marudio hubaki hapo. Umeme ukikatika au bando likiisha, hujapoteza kitu. Uangalie usiku kwa bando la usiku. Ubora wa 360 unatosha kwa simu. Ukishuka chini ya hapo kisu cha kiatu hakionekani vizuri, na sehemu kubwa ya mchezo huu imo kwenye kisu. Watelezaji hupasha moto wasiozidi sita kwa pamoja, dakika sita, kisha mmoja mmoja. Kila baada ya makundi kadhaa linapita gari la kusawazisha barafu. Huo ndio muda wa kuchemsha chai.

Sasa daftari. Nunua kaunta buku, si daftari la kurasa arobaini. Kwa kila fani piga mistari: jina, nchi, mji wa kwanza, mji wa pili, jumla. Hakuna mji wa tatu, kwa sababu kila mtelezaji anaruhusiwa kushiriki mara mbili tu kabla ya fainali. Mshindi wa kwanza anapata pointi 15, wa pili 13, kisha 11, 9, 7, 5, 4, 3, 2, na wa kumi 1. Ukijumlisha miji miwili, kiwango cha juu kabisa ni 30. Baada ya mji wa saba, sita wenye pointi nyingi katika kila fani wanakwenda fainali.

Hapa ndipo nasisitiza hata watu wanichoke: usikae unamwangalia anayeongoza. Mwenye 30 hana presha tena, ameshapita. Msimu unachezwa na walio nafasi ya nne hadi ya tisa. Mtoto aliyeshika nafasi ya nne Riga ana 9 mkononi, na kuanzia hapo kila mji unaofuata unamhusu hata akiwa kwao darasani. Wenzake wakipangana vibaya Bangkok, matumaini yake yanapanda bila yeye kuvaa kiatu. Kwa hesabu zangu, 26 mara nyingi inatosha. 24 ni ya kukosa usingizi. Chini ya hapo unaanza kuwaombea wengine wateleze vibaya, jambo ambalo si la kiungwana lakini kila shabiki hulifanya.

Wakifungana pointi, huangaliwa kwanza nafasi ya juu aliyowahi kushika. Mmoja akiwa wa kwanza na wa nne, ana 15 na 9, jumla 24. Mwingine akiwa wa pili na wa tatu, ana 13 na 11, jumla 24 vilevile. Anayetangulia ni yule aliyeshinda mji mmoja. Wakilingana hata hapo, ndipo hujumlishwa alama zote walizopewa na majaji katika mashindano mawili. Kwa hiyo acha kanafasi kadogo pembeni ya kila jina uandike alama hizo. Hutazihitaji hadi Oktoba, na Oktoba utazihitaji kweli.

Safu ya nchi nayo si pambo. Nafasi za kushiriki hupewa nchi, si mtoto, na idadi yake inategemea matokeo ya nchi hiyo kwenye ubingwa wa dunia wa vijana msimu uliopita. Mwenyeji wa mji huongezewa kidogo. Shirikisho la nchi ndilo linaloamua nani aende wapi. Nchi kama Japani, Korea Kusini na Marekani zina watoto wengi kuliko nafasi, hivyo anayeteleza vibaya mara ya kwanza anaweza asione mji wa pili. Nchi ndogo inaweza kuwa na nafasi moja katika miji michache tu. Ukiona bendera ya Afrika Kusini, ambayo ni mwanachama wa ISU, ujue yule hakuja kupigania 15; amekuja kutafuta alama yake bora na kumrahisishia njia atakayemfuata. Mimi humwandika kwa wino mwekundu hata akimaliza wa ishirini.

Baada ya kila mji ISU hutoa karatasi za majaji kwa PDF. Zipakue. Ziprinti kama una uwezo. Faida ya duka langu ni hiyo. Mwanzoni zinatisha, lakini zisome kama risiti: kila mstari ni kitu kimoja kilichofanywa, bei yake ya msingi, na kilichoongezwa au kukatwa.

Herufi za miruko ni A kwa akseli, Lz kwa lutzi, F kwa flipi, Lo kwa lupu, S kwa salko na T kwa tolupu. Tarakimu ya mbele ni mizunguko. 3Lz ina bei ya 5.9, 3T ina 4.2, zikiunganishwa, 3Lz+3T ni 10.1. Ukiona x pembeni, muunganiko huo umefanywa mwishoni mwa programu na umeongezewa asilimia kumi, sasa ni 11.11. Watoto wanaohifadhi miruko mizito kwa mwisho, miguu ikiwa imechoka, wanafanya hivyo kwa ajili ya x hiyo. Kila mtelezaji hucheza programu mbili, fupi kisha ndefu: katika programu fupi x hupewa mruko wa mwisho tu, katika programu ndefu miruko mitatu ya mwisho.

Halafu kuna alama za huzuni. Herufi q maana yake mzunguko umepungua robo: bei ya msingi inabaki, lakini majaji wanapunguza upande wa ubora. Alama < maana yake umepungua zaidi, na bei inashuka hadi asilimia themanini. 3Lz ya 5.9 inakuwa 4.72. Alama << ndiyo mbaya: mizunguko mitatu inalipwa kama miwili. Herufi e inatokea kwa lutzi na flipi, mtoto akiruka kwa ukingo usio wake wa kisu. Lutzi huanzia ukingo wa nje, flipi wa ndani, na wengi huvuja kutoka mmoja kwenda mwingine sekunde ya mwisho. Hili ndilo linalojibu manung'uniko ya "mbona hajaanguka na alama ni ndogo?" Karatasi ikijaa < na e, mtoto ametabasamu dakika tatu na nusu huku pointi zikimwagika.

Ubora wa kila kitu hupimwa kutoka -5 hadi +5, na kila hatua ni asilimia kumi ya bei ya msingi. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa ya majaji huondolewa kabla ya kupata wastani. Chini ya ukurasa utakuta mambo matatu, utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, na hapo majaji huwa wakarimu zaidi kwa wenye majina. Ni maoni yangu, na sitayabadilisha.

Usishangae programu fupi zikifanana. Vijana hupewa mruko maalumu wa msimu, na mizunguko minne hairuhusiwi humo; anayejua kuiruka anasubiri programu ndefu. Faida yake ni kwamba unawalinganisha wote kwa kipimo kimoja, ndiyo maana mimi huanza kusoma karatasi ya programu fupi.

Umri nao uandike. Anayeteleza peke yake lazima awe ametimiza miaka 13 kabla ya tarehe 1 Julai na asiwe amefika 19. Wa jozi na densi huruhusiwa zaidi. Juni 2022, mkutano wa ISU wa Phuket uliamua kupandisha umri wa kuingia kwa wakubwa kutoka 15 hadi 17, kwa hatua mbili. Matokeo yake unayaona kwa Mao Shimada wa Japani, aliyezaliwa 30 Oktoba 2008. Ameshinda ubingwa wa dunia wa vijana 2023, 2024 na 2025, na bado Olimpiki ya Milano Cortina ya 2026 haikumhusu, kwa sababu tarehe 1 Julai 2025 alikuwa na miaka 16. Shin Ji-a wa Korea Kusini alichukua medali ya fedha kwenye ubingwa huohuo 2022, 2023 na 2024. Siku hizi unaweza kumfuata mtelezaji mmoja kwenye daftari misimu minne bila kumpoteza. Na hao ni watoto: anayekuja dukani kwangu kuzungumzia miili yao namrudishia kopi zake aende.

Baada ya mji wa saba piga mstari chini ya jina la sita, kisha weka daftari pembeni hadi Desemba. Walio chini ya mstari usiwafute, maana mmoja kati ya sita akiumia anaitwa wa saba. Pointi za miji haziingii fainali, wote wanaanza na sifuri.

Kisha unakuja ubingwa wa dunia wa vijana, mwishoni mwa msimu. Ulikuwa Taipei 2024, Debrecen 2025. Tofauti na miji ya Junior Grand Prix, ambako wote wanacheza programu zote mbili, hapa baada ya programu fupi wanaendelea 24 tu wa wavulana na 24 wa wasichana. Fungua ukurasa mpya wa nchi, uandike kila nchi imeshika nafasi gani, hata zile ambazo mtoto wao amekwama kwenye programu fupi. Orodha ya nafasi za Agosti ijayo itatokana na ukurasa huo.