Namna ya Kusoma Matokeo ya Kombe la Dunia la Gofu Tangu 1953

Anayetaka kuifahamu historia ya Kombe la Dunia la Gofu, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ambamo kila nchi iliwakilishwa na watu wawili, kwa kawaida huanza na orodha ya mabingwa, na hapo ndipo anapopotea. Ataona kwamba Fred Couples na Davis Love III waliipatia Marekani ubingwa mwaka 1995 kwa mikwaju 543, kisha Tiger Woods na David Duval wakaupata mwaka 2000 kwa mikwaju 254. Kwa kuwa katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, msomaji mgeni anaweza kudhani kwamba kiwango cha mchezo kilipanda maradufu ndani ya miaka 5. Sivyo, kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza walipiga mikwaju mingapi, uliza walicheza vipi.

Jambo la kwanza ni jina. Mashindano haya yaliasisiwa na John Jay Hopkins, mwenye viwanda, na yalichezwa mara ya kwanza mwaka 1953 katika uwanja wa Beaconsfield, Montreal, ambako Antonio Cerdá na Roberto De Vicenzo wa Argentina walishinda. Wakati huo yaliitwa Canada Cup, na jina la Kombe la Dunia lilikuja mwaka 1967. Ukitafuta habari za miaka ya mwanzo kwa jina la sasa pekee, utakosa mengi.

Baada ya hapo, igawe orodha yako mara mbili, mpaka ukiwa mwaka 2000. Kabla ya mwaka huo kila mchezaji alicheza mpira wake mwenyewe katika raundi zote (raundi moja ni mashimo 18), kisha mikwaju ya wawili hao ikajumlishwa. Raundi 4 kwa watu 2 ni kadi 8, kadi ikiwa ni karatasi ya matokeo ya raundi moja. Gawanya 543 kwa 8 utapata takriban 68 kwa kila kadi. Kuanzia mwaka 2000 wawili hao waliandika kadi moja kwa kila raundi. Katika baadhi ya raundi walipokezana kuupiga mpira mmoja, na katika nyingine kila mmoja alikuwa na mpira wake, lakini katika kila shimo yaliandikwa matokeo ya aliyefanya vizuri zaidi. Hivyo 254 hugawanywa kwa 4, nayo ni 63.5. Namba hii ni ndogo kwa sababu kosa la mmoja hufunikwa na mwenzake, hasa katika mtindo huo wa pili, na haithibitishi kwamba Woods na Duval waliwazidi Couples na Love, ambao walitwaa kombe hili miaka 4 mfululizo, 1992 hadi 1995. Angalia pia mwaka 2013 huko Royal Melbourne, ambapo hesabu ya zamani ilirudishwa: Australia ya Jason Day na Adam Scott ilishinda kwa 551, namba ambayo ingeonekana aibu kando ya 254.

Kagua vilevile idadi ya mashimo. Kawaida yalikuwa 72, lakini mwaka 1953 yalichezwa 36, mwaka 1963 huko Ufaransa ukungu uliyapunguza hadi 63, na mwaka 1972 yalikuwa 54. Miaka ya 1981 na 1986 mashindano hayakufanyika, kwa hiyo pengo hilo si kosa la mwandishi wa orodha. Nasi wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu: neno Uingereza tunalitumia kwa mapana, ilhali katika kombe hili Uskoti na Wales zilileta timu zao. Ushindi wa Wales mwaka 1987, wa Ian Woosnam na David Llewellyn, usiuandike kuwa wa Uingereza.

Tenganisha pia taji la nchi na tuzo ya mchezaji mmoja mmoja, iliyokuwapo kwa miongo mingi. Mwaka 1958 Ireland ilishinda kama nchi, lakini tuzo binafsi ilikwenda kwa Ángel Miguel wa Hispania. Mwaka mmoja kabla yake, katika uwanja wa Kasumigaseki, Torakichi Nakamura wa Japani alichukua zote mbili, ile ya nchi akiwa na Koichi Ono, mbele ya Wamarekani Sam Snead na Jimmy Demaret. Kwangu huo ndio mwaka wa kusomwa kwa utulivu kuliko yote, kwa maana baada yake gofu ilienea Japani kwa kasi kubwa, jambo ambalo safu ya mikwaju haiwezi kulionyesha.

Ukitaka kujipima, chukua mwaka 2018, ambapo Thomas Pieters na Thomas Detry wa Ubelgiji walishinda mjini Melbourne kwa mikwaju 265. Kadi ni 4, na jibu ni 66.25.