Namna ya kulipasua jina la Kijerumani na kujua limetoka wapi

Kazi yangu ni kutafsiri vyeti vya Kijerumani: vya kuzaliwa, vya ndoa, kurasa za vitabu vya ubatizo. Mteja akishachukua karatasi zake, mara nyingi anabaki na swali moja: hili jina maana yake nini? Ukilitafuta mtandaoni utapata jibu papo hapo. Friedrich ni "mtawala wa amani", Gertrud ni "mkuki wenye nguvu". Majibu hayo yana nusu ya ukweli. Ukitaka nusu nyingine, fuata njia ninayoitumia mwenyewe. Inafaa pia kwa majina ya Kiingereza, Kiholanzi na ya Skandinavia, kwa sababu lugha hizi ni za ukoo mmoja wa Kigermaniki.

Hatua ya 1: Chuja majina ya dini

Si kila jina la Mjerumani ni la Kigermaniki. Hans ni Johannes, yaani Yohana, jina la Kiebrania. Klaus ni Nikolaus na Jürgen ni Georg, yote mawili ya Kigiriki. Grete ni Margarete, nalo limepitia Ugiriki. Kuanzia karne ya 13 hivi majina ya watakatifu yaliyasukuma kando yale ya zamani, na mengi ya zamani hayakurudi tena.

Kinyume chake kinatuhusu sisi. Edward, Alfred, Richard, Godfrey na Winfrida tunayaita majina ya dini kwa sababu tumeyapata kanisani, lakini hakuna hata moja lililomo kwenye Biblia. Yameingia kanisani kupitia wafalme na watakatifu wa Ulaya. Winfrid lilikuwa jina la kuzaliwa la Mtakatifu Bonifasi, mtawa Mwingereza aliyehubiri Ujerumani na kuuawa mwaka 754.

Hatua ya 2: Kata jina katikati

Jina la kale la Kigermaniki kwa kawaida lina vipande viwili. Ukivijua vipande ishirini hivi, utayasoma majina mengi bila kufungua kamusi. Anza na vya vita: hild, gund na wig vyote ni vita au mapigano, ger ni mkuki, helm ni kofia ya chuma, sieg ni ushindi, her ni jeshi. Wanyama: wolf ni mbwa mwitu, bern ni dubu, arn ni tai, eber ni nguruwe dume wa mwituni. Halafu sifa na mambo ya utawala: bert ni angavu, hart au hard ni shupavu, rich ni mwenye mamlaka, adal ni ukoo bora, fried ni amani, diet ni watu, win ni rafiki. Hrod na hlud, ambavyo siku hizi vimebaki kama ro-, ru- na lu-, vinahusu sifa na umaarufu.

Sasa jaribu. Bernhard ni dubu na shupavu. Rudolf ni umaarufu na mbwa mwitu. Ludwig ni maarufu na vita. Karl halikatiki, ni kipande kimoja tu, maana yake mwanamume, mtu huru.

Angalia kipande cha pili kwa makini, kwa sababu ndicho kinachoonyesha jinsia. Hild, gund, trud, burg na lind zikiwa mwishoni, jina ni la kike.

Hatua ya 3: Usivigeuze vipande kuwa sentensi

Hapa ndipo tovuti za majina ya watoto zinapopotosha watu. Chukua Hildegund: vita na vita. Hakuna mzazi aliyekaa chini akatunga sentensi ya namna hiyo. Vipande vilichaguliwa ili mtoto afungamane na jamaa zake. Kwenye shairi la kale la Kijerumani lililonakiliwa karne ya 9, babu ni Heribrand, mwanawe Hildebrand, mjukuu Hadubrand. Brand, yaani moto au upanga, inabaki palepale, na herufi ya kwanza nayo haibadiliki. Wafalme wa Wessex kule Uingereza walifanya vivyo hivyo: Æthelwulf aliwaita wanawe Æthelbald, Æthelberht na Æthelred. Kwa hiyo Friedrich iandike "amani + mwenye mamlaka", kisha uache hapo. Mwenye jina huenda alipewa kipande kimoja cha babu na kingine cha mjomba.

Hatua ya 4: Rudisha jina kwenye urefu wake

Kurt ni Konrad. Heinz na Hinz ni Heinrich. Fritz ni Friedrich, Gerd ni Gerhard, Götz mara nyingi ni Gottfried. Majina haya pia hubadilika yakivuka mpaka: Wilhelm ni William wa Waingereza na Guillaume wa Wafaransa, na Ludwig ni Louis. Roger na Rüdiger, ambao kwa macho hawafanani hata kidogo, ni jina moja: umaarufu na mkuki.

Hatua ya 5: Liweke jina la ukoo kwenye kundi lake

Majina ya ukoo yalikuja baadaye. Yalianza kushika katika miji ya kusini na magharibi kuanzia karne ya 12, kwa sababu rahisi tu: watu walijazana mjini na kila mtaa ulikuwa na akina Heinrich na Konrad kadhaa, karani hajui amwandike yupi.

Kundi kubwa ni la kazi. Müller ni mwenye kinu cha kusaga nafaka, nalo ndilo jina la ukoo linaloongoza Ujerumani kwa wingi. Schmidt ni mhunzi, Schneider mshonaji, Weber mfumaji, Zimmermann seremala wa majengo. Meyer alikuwa msimamizi wa shamba la bwana mkubwa. Usitishwe na tahajia: Meyer, Meier, Maier na Mayr ni neno lilelile.

Lakini kabla hujafunga, uliza kazi hiyo iliitwaje wapi, maana hapo jina linaanza kutaja mkoa. Mfinyanzi wa kusini ni Hafner, wa mashariki ni Töpfer. Mhunzi wa upande wa Köln ni Schmitz, wa Uswisi ni Schmid. Miisho nayo inasema: -le ni ya Schwaben, eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani, kama Eberle, -sen ni ya kaskazini kabisa, kama Petersen, -ow na -itz ni za mashariki, walikoishi Waslavi.

Makundi mengine yapite haraka. Jina la baba: Carl Peters, yule wa mikataba ya ulaghai tunayemsoma kwenye historia, ana jina lenye maana ya "wa Peter" tu. Mahali: Bach ni kijito, Wiener ni mtu wa Vienna. Sifa: Klein ni mdogo, Krause ni mwenye nywele za mawimbi. Mwenye jina la Kaiser au König asijidanganye kwamba babu yake alikuwa mfalme; hayo yalikuwa majina ya utani.

Hatua ya 6: Vua nguo za juu

Kwenye vitabu vya zamani vya kanisa, mwanamke huongezewa -in kwenye jina la ukoo. Ukikuta "Schmidtin", ukoo ni Schmidt. Usiingize -in kwenye tafsiri, utamletea mteja taabu.

"Von" mara nyingi ni dalili ya ukabaila, lakini "van" ya Kiholanzi inasema mahali tu. Wasomi wa karne ya 16 nao walipenda kujiita kwa Kilatini: Georg Bauer, mtaalamu wa madini, akawa Agricola, na mchora ramani Gerhard Kremer akawa Mercator. Mkulima na mfanyabiashara, basi.

Hatua ya 7: Uliza jina lilimfikiaje huyu mtu

Maana ya jina na asili ya mtu ni mambo mawili tofauti. Chukua Angela Merkel, chansela wa zamani wa Ujerumani. Angela linachujwa na hatua ya kwanza: ni malaika, kutoka Kigiriki kupitia Kilatini. Merkel ni ufupisho wa Markwart, "mpaka + mlinzi", ukiwa na -el ya kudekeza. Ni jina safi la Kigermaniki, na ukiishia hapo utaandika kwamba ukoo wake ni wa Wajerumani wa kale. Lakini Merkel ni jina la mume wake wa kwanza. Alizaliwa Kasner, na babu yake alizaliwa Poznań akiitwa Ludwik Kaźmierczak, mpaka familia ilipobadilisha jina mwaka 1930. Kaźmierczak ni la Kipoland. Na lile Ludwik la mbele yake ni Ludwig: maarufu na vita.