SOMO: Kusoma chati ya DNA ya Wagiriki wa kale bila kuumbuka

Naandika mara moja, maana kila wiki naulizwa "Wagiriki walitoka wapi?"

1. Soma utafiti wenyewe, si kichwa cha habari. Anza na wa Lazaridis na wenzake, jarida la Nature, 2017.

2. Hesabu mifupa. Watu 19 tu, wakiwemo Waminoa wa kisiwa cha Krete na Wamikene wa Ugiriki bara.

3. Tazama tarehe. Karibu wote ni wa Enzi ya Shaba, karne nyingi kabla ya mwanafalsafa Sokrate.

4. Majina ya rangi. Kwenye chati kila rangi ni asili moja, na ina jina lake. Hapa ndipo nilipochemka. Niliona "Irani" kwa Waminoa, nikakimbilia kundi letu la WhatsApp kutangaza kwamba Krete ilijengwa na Waajemi. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza: "Waajemi gani, mwaka gani?" Nikazima data. Jina la rangi ni la mifupa iliyotumika kama kipimo. Hiyo "Irani" ni watu wa milima ya Zagros, magharibi mwa Irani ya leo, maelfu ya miaka kabla Uajemi haujakuwapo, na asili hiyo ilishaenea Anatolia (Uturuki ya leo) zamani. ONYO: usilinganishe asilimia za chati mbili zenye vipimo tofauti.

5. Sasa soma. Robo tatu au zaidi, kwa wote wawili, ni wakulima wa kwanza wa Anatolia magharibi na Aegean, yaani eneo la bahari iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki. Sehemu kubwa ya salio inafanana na watu wa kale wa Kaukasi na Irani. Wamikene wana nyongeza ya asilimia 4 hadi 16 kutoka kaskazini; Waminoa hawana.

MASWALI

Kibopa: Kwa hiyo Wagiriki wa leo ndio wale wale?
— Wanafanana sana na Wamikene, ila wamechanganyika zaidi baadaye. "Wale wale" umesema wewe.

Kibopa: Tupe kwa kifupi basi walitoka wapi.
— Hatua ya 5. Ni mistari minne, mkuu.

Bi Nuru: Hiyo nyongeza ndiyo iliyoleta Kigiriki?
— Swali zuri, dada. Vibao vya udongo vyenye maandishi ya Linear B, aliyoyafumbua Michael Ventris 1952, ni Kigiriki cha Wamikene. Linear A, maandishi ya Waminoa, haijasomeka hadi leo. Ndiyo maana wengi wanaihusisha lugha na watu wa nyika za kaskazini, yaani hiyo nyongeza, ila kwenye mfupa huwezi kuona mtu aliongea nini.

Bi Nuru: Na joto lile la Ugiriki, DNA inabakije?
— Wanatoboa mfupa wa sikio la ndani, mgumu kuliko yote kichwani. Unga wake haujazi hata kijiko cha chai. Ukimaliza hapo, tafuta makaburi ya askari wa Himera, Sisilia, 480 KK: jeshi la Wagiriki, na ndani yake watu wa Ulaya kaskazini na Kaukasi.